Nilivyojifunza kutoiamini klipu kwa macho tu

Mama yule aliletwa kope la jicho la kulia likiwa limefunga. Ukilinyanyua, mboni imetanuka kama ya mtu aliye gizani. Kichwa kilimshika ghafla akiwa anafua. Binti yake alisema alipiga kelele mara moja tu, akakaa chini. CT skani ilionyesha damu imevuja kwenye utando wa ubongo, na anjiografia, picha ya mishipa ya damu, ikathibitisha kile ambacho jicho lilishatuambia. Alikuwa na aneurizimu: ukuta wa ateri umetuna kama tyubu inayochungulia kwenye tairi lililochakaa, ukagandamiza neva ya tatu, ile inayonyanyua kope.

Kazi yenyewe kuisimulia ni rahisi. Unafungua fuvu, unafika kwenye shingo ya uvimbe, unabana kwa klipu, kibanio kidogo kinachoachwa humo, ili damu isiingie tena. Walter Dandy aliifanya Baltimore mwaka 1937 kwa klipu ya fedha, na mgonjwa wake naye alikuwa na kope lililoanguka kama la huyu mama. Ugumu unaanza ukishaachia klipu. Uvimbe unaweza kuendelea kupokea damu bila wewe kujua, au ukawa umebana na kijiateri cha jirani ambacho upande mzima wa mwili unakitegemea.

Nilikaa India miezi 3 nikijifunza. Huko, klipu ikishakaa, daktari wa usingizi anachoma rangi iitwayo indosianini kwenye mshipa, na hadubini inahamishiwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Skrini inakuwa nyeusi tupu. Sekunde chache baadaye ateri zinaanza kuwaka nyeupe, moja inafuata nyingine, kisha vena. Aneurizimu iliyobanwa sawasawa inabaki nyeusi. Timu ya Andreas Raabe, Frankfurt, ndiyo iliyoitangaza njia hii kwa upasuaji wa mishipa ya ubongo mwaka 2003. Nilirudi nyumbani nikiiota. Hadubini yetu ni nzuri, sina ugomvi nayo, ila kamera hiyo haina.

Tulichokuwa nacho ni Dopla ndogo, kijiti chenye ncha kama ya kalamu, ukikigusisha kwenye mshipa unasikia damu inavyopita. Na kusema kweli, ile rangi nayo huonyesha tu kilicho mbele ya lenzi. Mshipa uliojificha nyuma ya klipu haiuonyeshi. Nikaamua kulifundisha sikio langu.

Kila Ijumaa nilinunua mabawa ya kuku. Ateri ya bawa ina unene unaokaribiana na vijiateri vya ubongo, kwa hiyo nikawa naichomeka mrija, napitisha maji, nabana kwa klipu na kusikiliza. Wiki ya kwanza sikusikia kitu, nikalaumu mashine. Kumbe maji matupu hayarudishi sauti, Dopla inataka chembe. Nikakorogea unga laini wa wanga kidogo, bawa likaanza kuongea! Mshipa ulio wazi unavuma kwa mapigo, uliobanwa nusu unapiga mluzi, uliofungwa unanyamaza. Mke wangu alikataa katakata kuyapika yale mabawa.

Siku ya upasuaji, kabla ya klipu, nilipita tawi moja moja na Dopla huku sista akiandika ubaoni: kubwa, inasikika, ya nyuma, inasikika, koroidi, inasikika. Hiyo ya koroidi ni nyembamba kama uzi, na ndiyo kile kijiateri cha jirani nilichokitaja. Kisha nikaweka klipu. Chini ya hadubini ilikaa vizuri mno, meno yamekutana, shingo imefungwa yote. Profesa wangu alikuwa pembeni. "Safi," akasema.

Nikarudia na Dopla. Ateri kubwa ikavuma. Ya nyuma ikavuma. Koroidi, kimya. Nikasogeza ncha, kimya. Sista akatazama ubao, akasema taratibu, "Dokta, hii ilikuwa inasikika."

Kuitoa klipu iliyokaa kwenye aneurizimu iliyokwisha kupasuka ni jambo ambalo mkono haulitaki. Niliitoa. Nikairudisha ikiwa imeingia pungufu pengine milimita moja kwenye ncha, nikagusa tena. Sauti ikaja, ndogo kama ya mbu nje ya chandarua. Nikatoboa uvimbe kwa sindano nyembamba, haukutoa damu. Safari hii profesa hakusema safi. Alisema, "Funga."

Asubuhi nilimkuta macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nikamwomba mkono wa kushoto, ule unaoendeshwa na upande wa kulia wa ubongo na ambao ile ateri ingeuzima. Akaunyanyua, akanibana vidole mpaka pete ikaniumiza, kisha akauliza zile nguo alizoacha kwenye beseni zilianikwa na nani.