Nilivyoandika nota kwa imla ya mtunzi mgonjwa

Mtunzi asiyeona tena wala kuweza kushika kalamu bado anao muziki wake wote kichwani. Kazi ya mwandishi wake ni kuutoa humo bila kuuharibu. Nimeifanya kazi hiyo, na kosa langu la kwanza lilikwishafanyika zamani huko Grez-sur-Loing, Ufaransa, mwaka 1928, Eric Fenby, kijana wa miaka 22 kutoka Scarborough, Uingereza, alipokwenda kumwandikia nota mtunzi Mwingereza Frederick Delius. Kaswende ilikuwa imempofusha Delius na kumpooza. Alijaribu kumwimbia Fenby wimbo aliokuwa nao kichwani, lakini sauti ilitoka kwa mlio mmoja tu, na kijana hakuambulia kitu.

Basi usimwambie mgonjwa aimbe. Mwambie ataje. Utaratibu wangu ulikuwa huu, bila kuruka: ala, namba ya kipimo (kisehemu kati ya mistari miwili ya wima), pigo, jina la nota, oktava (nota iko juu au chini kiasi gani), urefu. “Obo, kipimo cha 12, pigo la pili, F shapu iliyo juu ya C ya kati, pigo moja na nusu.” Namba za vipimo naziandika kabla hajafungua kinywa, vipimo vinne kwa kila mstari, nikiacha nafasi ya kutosha katikati.

Mtego mbaya kuliko yote ni herufi C. Inatamkwa “si”, na aliyefundishwa do-re-mi ya Kifaransa au Kiitalia akisema “si” anamaanisha B. Ni nusu toni tu, na katika muziki uliojaa shapu na flati, yaani nota zilizopandishwa au kushushwa nusu toni, kosa hilo halipigi kelele. Linakaa kimya hadi siku ya mazoezi. Kubalianeni mapema kama ni herufi au do-re-mi, msichanganye. Mtego mwingine uko kwenye 6/8, yaani nota sita za nane kwa kila kipimo: mtunzi akisema pigo anamaanisha nota tatu za nane kwa pamoja, wewe unaandika moja. Hapo hesabuni kwa nota za nane.

Wimbo wa juu huanza, besi hufuata, sauti za kati mwisho. Ukianza na za kati utazipanga upya zote besi ikishatajwa. Klarineti ya B flati na honi ya F, ambazo wapigaji wake husoma nota tofauti na zinazosikika, ziandike kwanza kama zinavyosikika. Kuzihamisha, klarineti toni moja juu na honi kwinti moja (hatua ya nota tano) juu, ni kazi ya nakala safi, mgonjwa akiwa amelala.

Kila baada ya vipimo vinne nampigia kwenye piano alichosema, bila pambo lolote. Hapa kuna hatari isiyosemwa sana: “ndiyo” ya uchovu. Akichoka atakubali chochote. Nikishuku, narudia kifungu kwa nota moja ya makosa niliyoikusudia. Akiipitisha, nafunga daftari, na siku inayofuata tunaanza vipimo vinane nyuma, hata kama anasisitiza kwamba palikuwa sawa.

Karatasi tupu ndiyo inayomchosha zaidi. Cynara, kazi ya mwimbaji na orkestra ambayo Delius aliiacha bila kuikamilisha, ilimaliziwa 1929 kwa imla, na A Song of Summer, kazi yake nyingine ya orkestra iliyopigwa London mara ya kwanza 1931, ilitokana na kazi ya orkestra ya mwaka 1918 hivi. Kwa hiyo tafuta kwanza rasimu zake za zamani, umsomee, umwache aseme hiki kibaki, kile kitoke. Kukata na kuunga kunahitaji maneno machache kuliko kubuni, na pumzi yake ndiyo kipimo cha kazi ya siku.

Kifutio sikitumii. Kilichokataliwa nakipiga mstari mmoja mwembamba na kuandika tarehe pembeni, kwa sababu asiyeuona ukurasa huubeba kichwani kama ulivyokuwa siku alipousikia, na siku yoyote anaweza kuagiza: “Nirudishie ile besi ya juzi.”