Nilivyowafundisha wafanyakazi wa vyumba kusema walichokiona

Nasimamia usafi wa vyumba katika hoteli moja Kiwengwa, mwaka wa tisa sasa, na hakuna somo lililonikera kama lile la mkufunzi tuliyeletewa atufundishe kumtambua mgeni wa kutiliwa shaka. Aliwaonyesha vijana wangu picha ya mwanamume mwenye ndevu, kanzu na begi kubwa, akasema huyo ndiye wa kumtilia shaka. Hapa Unguja, baba zao wote wanavaa kanzu! Wiki ile ile mapokezi wakamripoti mzee wa Pemba aliyekuja kumtazama mwanawe. Nilimwomba radhi mimi, kwa aibu kubwa.

Nikaanza upya. Kila zamu ikiisha tunakaa nyuma ya chumba cha dobi, chai na mandazi, kama elfu kumi kwa siku, na kila mtu anasema alichokiona, si anachodhani. Akisema "yule mgeni mbaya", namrudisha. Mbaya vipi? "Siku tatu hataki chumba kisafishwe, taulo anazipokelea mlangoni, na usiku wanaingia wanaume tofauti." Hapo tunaelewana.

Hata hivyo, mazito walikuwa wakiyameza. Sikujua sababu mpaka kijana wa dobi aliponiambia: "Bi, tukikosea tukaambiwa tumemsingizia mgeni, si kazi imekwenda?" Nikamfuata meneja, nikamtaka atamke mbele ya wote kwamba anayeripoti kwa nia njema, hata akikosea, haguswi. Alisita siku mbili, kisha akatamka. Bila ya neno lile ningekuwa nimepoteza chai yangu bure.

Mwezi haujaisha, kijana yule yule akanijia. Ghorofani kuna mwanamume na msichana, na mwanamume anasema ni mpwa wake. Msichana akiulizwa, anajibu mwanamume. Simu ya msichana anaishika mwanamume. Msichana hajui wanaondoka lini. Kijana hakumkabili mtu, hakupekua kitu, wala hakuandika kwenye grupu la WhatsApp. Hilo nililisema mpaka sauti ikanikauka. Tukapiga 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto, kisha polisi.

Msichana alikuwa na miaka 15. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inasema aliye chini ya 18 ni mtoto, avae vyovyote.

Wakati anatoka na ofisa ustawi, aliomba maji. Kijana wa dobi ndiye aliyekimbia kumletea.