Dubai kwa dirhamu 500

Dada yangu huenda Dubai mara mbili kwa mwaka kufuata mzigo wa duka lake la Kariakoo. Mwaka huu, baada ya kunisikia nikimsumbua miaka nenda rudi, akasema haya, twende. Masharti mawili: tiketi najilipia, na nisimwombe anitembeze. Chumba tulichangia, Deira, mtaa wa Naif, mwezi wa sita. Nilidhani mwezi kauchagua kwa ajili ya biashara. Kumbe joto huwakimbiza watalii na vyumba vinashuka bei. Nje ya hapo nilikuwa na dirhamu 500 za siku tano.

Mimi mtu wa Dar, jasho nimezaliwa nalo. Hata hivyo tulipotoka nje ya uwanja wa ndege, usiku wa manane, miwani yangu ilipiga ukungu papo hapo. Nikabaki nimesimama na begi kama kipofu, dada anacheka. Mchana wake joto lilipita nyuzi 40. Nikawa natembea kwa kuvizia kivuli, na nikagundua vituo vya basi vyenye viyoyozi: unafungua mlango, unakaa, unapoa, unaendelea na safari yako kwa miguu. Sijui nimekaa vituo vingapi bila kupanda basi hata moja.

Asubuhi ya kwanza dada alinionyesha pa kununua kadi ya Nol, ya kulipia metro na mabasi, dirhamu 25, na ndani yake 19 za nauli. "Tazama kwa macho, mikono iwe mfukoni," akaniambia, akapotelea kwa watu wake wa kago.

Nilimtii mpaka saa nne. Metro ya Dubai haina dereva, na mimi jambo hilo lilinikaa kichwani. Nikapanda behewa la wanawake na watoto, nikaona linalofuata lina viti vipana, watu wawili tu, na kwenye ncha yake kioo kikubwa unachoona reli zikikujia. Nikasogea. Nikakaa. Nilikuwa nafurahia kama mtoto kwenye siti ya mbele ya daladala, mpaka alipokuja mkaguzi na kimashine chake. Behewa lile ni la daraja la Gold, yaani dhahabu, kadi yangu Silver, ya daraja la kawaida. Faini dirhamu 100. Nilimweleza kuwa nilitaka kuona reli tu. Alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akanipa risiti.

Mia katika mia tano, na jua bado halijafika utosini!

Nilirudi Deira nimenuna, nikaketi kando ya Khor, ule mkono wa bahari unaoukata mji wa zamani vipande viwili. Ukingoni majahazi ya mbao yalikuwa yanapakia: matairi, friji, magunia, vyote vimerundikwa njiani hata mlinzi simwoni. Mbele kidogo kuna gati la abra, mashua za kuvusha watu kwenda Bur Dubai. Nauli dirhamu 1. Faini yangu ingenivusha mara mia.

Abra ina benchi la mbao katikati, mnakaa mmepeana migongo, kila upande unatazama maji. Nahodha yuko katikati yenu na mashine yake ya dizeli, na nauli anapewa mkononi mkiwa mmeshang'oa. Nilikuwa kwenye simu nikimlalamikia dada, nilipokata mzee mmoja wa kanzu nyeupe akanigeukia.

"Unazungumza na Dar au na Unguja?"

"Dar, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mie mama yangu wa Ng'ambo, Unguja. Na hapa pia nakaa ng'ambo." Akaonyesha Bur Dubai kwa kidole, akacheka kabla yangu. Bila shaka hilo amewaambia wengi.

Tuliposhuka alinipeleka mpaka mlango wa mkahawa wa Wahindi nyuma ya gati, akaniaga. Chai ya karak, ya maziwa na viungo, dirhamu 1, parata na mayai dirhamu 4. Nilikula hapo asubuhi na jioni mpaka tunaondoka, na ndiyo iliyoniokoa.

Dubai ya kwenye picha niliiona pia. Burj Khalifa ina mita 828, na kuitazama kutoka chini hulipi kitu. Shingo tu ndiyo inauma. Toka stesheni mpaka Dubai Mall kuna ushoroba mrefu wenye kiyoyozi na sakafu zinazokusogeza zenyewe, nikautembea kwa raha zangu na chupa yangu ya maji. Ndani, papa na samaki taa unawaona kupitia kioo cha tangi ukiwa umesimama njiani tu, tiketi ni ya wanaotaka kupita ndani. Jioni chemchemi za ziwani hucheza kila nusu saa. Nilisimama darajani nikaziona mara tatu. Walioketi mikahawani pembeni walikuwa wanaona maji yaleyale, ila kahawa yao moja ni chakula changu cha siku nzima.

Kusema kweli, huko sikutamani kurudi. Siku mbili za mwisho nilivuka tu, Deira na Bur Dubai, nikanunua ndimu kavu na iliki sokoni, nikavuka tena.

Risiti ya faini ninayo mpaka leo. Dada anasema ndiyo dhahabu pekee niliyonunua Dubai.