Siku moja maishani mwangu: Jumatatu ya seva iliyoishia njiani

Saa 12:15 asubuhi. Upepo wa Julai hapa Dodoma hauna adabu, na nimekaa nyuma ya bodaboda kutoka Nkuhungu nikiwa nimejifunga mtandio hadi puani. Jana usiku, nikiwa nyumbani, nilianza kuipandisha seva ya dukani, kompyuta inayoendesha mfumo wetu wa mauzo, kutoka Ubuntu 22.04 kwenda 24.04; Ubuntu ndiyo mfumo endeshi wake. Saa 4 kasoro umeme ukakatika mtaa mzima. Dukani kuna UPS, kifaa cha kushikilia umeme ukikatika, ila betri yake imezeeka na inashika dakika nne tu. Nililala nikijua ninachokwenda kukikuta.

Mlinzi ananifungulia geti. "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu, umeme umerudi saa 9 usiku." Asante kwa taarifa, babu. Umechelewa saa tano tu.

Saa 12:40. Seva inawaka, afadhali. Imeamka na kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ya zamani, 5.15. Naandika apt update, nalo linapita. Naandika apt upgrade, linakataa: dpkg ilikatizwa, endesha mwenyewe dpkg --configure -a.

Wasiofanya kazi hii, wakisikia kifurushi wanawaza bando la simu. Kwetu kifurushi ni programu iliyofungwa pamoja na orodha ya vitu inavyovihitaji ili ifanye kazi. apt ni kama dalali wa sokoni: anajua mzigo uko wapi na nani anamtegemea nani. dpkg ndiye kuli, anabeba, anafungua, anapanga. Jana kuli alizimiwa taa magunia yakiwa yamefunguliwa sakafuni, na dalali hapokei mzigo mpya mpaka ule wa kwanza upangwe.

Naangalia orodha kwa dpkg -l. Kifurushi kizima huanza na herufi ii. Mimi nina mistari ya iU inayoshuka hadi chini ya skrini: vimefunguliwa, havijasanidiwa. Na kurudi nyuma hakuna. Vyanzo, yaani mahali apt inapochukua vifurushi, vimeshabadilishwa kutoka jammy (jina la 22.04) kwenda noble (24.04), na Ubuntu haina njia rasmi ya kushusha toleo. Ni mbele tu.

Saa 1:20. dpkg --configure -a inatiririka vizuri dakika kadhaa, kisha inasimama. Mstari wa mwisho unalaumu initramfs-tools, inayotengeneza initrd (faili la kuamshia kerneli), na kerneli mpya. Miaka ya nyuma ningeunakili huo mstari na kuhangaika nao hadi mchana. Napandisha juu, mistari kama thelathini, na pale katikati, bila makeke, pameandikwa kwamba hakuna nafasi iliyobaki kwenye diski.

Naandika df -h /boot kuangalia sehemu ya diski inayokaa kerneli na initrd zake: imejaa asilimia 100.

Hapa hakuna wa kumlaumu ila mimi. Kila kerneli mpya ilipoingia, ya zamani ilibaki, na apt ilikuwa inanikumbusha niendeshe autoremove, amri ya kuondoa visivyohitajika tena. Mimi nasema kesho. Ukaguzi wa nafasi ulipita jana kwa kubana mno, sasa kerneli mpya inataka kutengenezewa initrd yake na hakuna pa kuiweka. Kila initrd hapa ina zaidi ya MB 100, na /boot yenyewe ilitengwa ndogo na aliyenitangulia.

Naandika uname -r kwanza kuhakikisha kerneli ipi inatumika, maana hiyo haiguswi. Initrd mbili za zamani kuliko zote nazihamishia /root kwa muda, sizifuti, nazihamisha. Narudia dpkg --configure -a. Safari hii inafika mwisho. Kisha apt --fix-broken install, kisha full-upgrade, kisha nawasha upya. 6.8 inaamka.

Saa 2:30. Duka limefunguliwa. Mafundi wamejaa kaunta wanataka saruji na nondo, na Mama Neema, keshia wetu, ametoa daftari la kaboni. "Mwanangu, mfumo haufunguki." Apache, programu inayotoa kurasa za mfumo, inagoma: inatafuta libphp8.1.so, moduli ya PHP 8.1 (PHP ni lugha iliyoandikia kurasa hizo), na 24.04 imekuja na PHP 8.3. Nazima moduli ya zamani kwa a2dismod php8.1 na kuiwasha Apache, nijue kama ina ugonjwa mwingine.

Hilo lilikuwa kosa la pili la siku. Apache isiyo na PHP haijui kurasa zile ni za kutekelezwa, inazimwaga kama barua. Mama Neema anaubonyeza ukurasa na kuanza kuusoma kwa sauti, na aliyeandika mfumo huu miaka hiyo aliweka nywila ya hifadhidata juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. "Kumbe nywila ni jina la Mzee na namba moja mbili tatu?" Mzee ndiye mwenye duka. Mafundi wanacheka. Nazima Apache haraka kuliko nilivyowahi kuzima kitu chochote.

a2enmod php8.3. Inawaka, lakini sasa inadai haijui mysqli_connect, amri ya kuunganisha kurasa na hifadhidata. Zamani nilisakinisha php8.1-mysql kwa jina lake kamili. Ningesakinisha php-mysql, jina lisilo na namba, ingejipandisha yenyewe hadi 8.3. Nasakinisha php8.3-mysql, naiwasha upya Apache. Saa 4:50 ukurasa wa mauzo unafunguka.

Mchana ni ugali na mlenda kwa mama lishe wa jirani, na simu imezimwa.

Saa 8. Vyanzo vya nje, yaani visivyo vya Ubuntu. Wakati wa kupandisha toleo, vyote huzimwa. Cha programu ya bekapu bado kimeandikwa jammy. Nabadilisha kuwa noble, apt inalalamika haina ufunguo wa kuhakikisha vifurushi vimetoka kwa wenyewe. Naupakua kutoka kwa wenyewe, nauweka /etc/apt/keyrings na kuutaja kwa signed-by. Robo saa, basi.

Saa 9:30 Mzee anaingia. "Binti yangu, nasikia nywila yangu imesomwa sokoni." Nilishaibadilisha. Namweleza habari ya betri ya UPS. Ananiangalia, anaangalia daftari la kaboni, anauliza bei ya betri, anaondoka bila kujibu.

Saa 10:30. autoremove, hatimaye. /boot inashuka hadi asilimia 46. Kisha nakaa kando ya Mama Neema kuingiza risiti za asubuhi. Ziko 37, na mwandiko wake wa haraka nauona leo kwa mara ya kwanza.

"Mama, haya mabati ni 8 au 3?"

Anachukua daftari, analisogeza dirishani kwenye mwanga. "Subiri nimpigie fundi."