Jinsi nilivyoondoa namba hasi kwenye modeli ya udongo wa dampo

Modeli yangu ya kloridi ikipenya tabaka la mfinyanzi chini ya dampo ilikuwa inatoa viwango hasi, jambo lisilowezekana. Nilipogawa udongo katika vipande vyembamba zaidi, fujo ikazidi. Hapo ndipo palikuwa na jibu.

Programu ilikokotoa hali ijayo kwa kutumia namba za sasa pekee. Njia hiyo inataka D×Δt÷Δx² isizidi 0.5: D ni kipimo cha difyusheni (kloridi kusambaa yenyewe kutoka penye nyingi kwenda penye kidogo), Δt ni hatua ya muda, Δx ni unene wa kipande. Kwa difyusheni ya 5×10⁻¹⁰ m²/s na vipande vya sentimita 1, hatua ya muda isizidi sekunde 100,000, yaani saa 28 hivi. Yangu ilikuwa wiki nzima. Ukipunguza kipande kwa nusu, kikomo kinashuka hadi saa 7!

Nikaandika milinganyo ya vipande vyote kwa namba za hatua ijayo, nikaitatua kwa pamoja. Hatua ya wiki ikatulia.

Kuhakiki, nilizima mtiririko wa maji na kurefusha udongo hadi mita 3. Juu kukiwa na 1,000 mg/L, baada ya miaka 10 fomula ya erfc (jibu la kihesabu la difyusheni pekee) inatoa takriban 373 mg/L kwenye kina cha nusu mita. Modeli ikakubaliana nayo. Tafadhali msiipuuze difyusheni: kloridi hupenya hata maji yakisimama.