Kuni mtatoa wapi?

Tumerudi kwetu Ngara, Tanzania, mpakani na Rwanda, juzi jioni, na leo ndiyo asubuhi ya kwanza nimeamka magoti hayaniumi. Baiskeli zetu mbili zimeegemea ukuta wa nyumba ya baba, vumbi jekundu limeganda kwenye cheni. Mume wangu bado amelala. Naandika sasa kabla mambo hayajachanganyika kichwani.

Tulikwenda Rwanda, siku saba kandokando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu kaskazini hadi Rusizi kusini. Njia ile inahesabiwa kilomita 227. Kwenye keria tulibeba hema, mikeka ya kulalia, sufuria moja, pampu na viraka. Mchele na unga tulitia kwenye mifuko ya kitambaa, maana wenzetu walipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008 na mpakani wanaangalia kweli.

Mume wangu ni mtu wa Tanga. Kule mtoto anaendesha baiskeli kabla hajajua kuandika jina lake, na barabara ni tambarare. Mimi ni wa vilimani, na kwetu baiskeli husukumwa zaidi kuliko kupandwa. Siku ya kwanza, tulipoacha lami na kushika njia ya udongo, alinitangulia kila mlima, akawa ananingoja kileleni. Nikifika natweta, yeye ameshapumzika, anapanda baiskeli anaondoka. Ilipita siku nzima hivyo. Usiku nikamwambia: mume wangu, wewe unapumzika kila mlima, mimi sijapumzika hata mmoja. Hakujibu neno. Kesho yake asubuhi alikaa nyuma yangu, akabaki nyuma mpaka Rusizi. Tuna miaka kumi na mmoja ya ndoa, na sikumbuki ni lini jambo nililomwambia liliingia upesi namna ile.

Na milima ile haina huruma. Ziwa lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, lakini njia haifuati maji: inashuka ghubani, inapanda mgongo wa kilima, inashuka tena. Unaona nyumba ng'ambo ya maji unadhani ni dakika kumi, kumbe ghuba itakuzungusha saa mbili. Kina mama wenye majembe walitupigia kelele kutoka mashambani: “Komera!” Maana yake jikaze, uwe na nguvu. Vijana wa baiskeli, abanyonzi, walitupita na mikungu ya ndizi mitatu au minne kwenye keria, wakisukuma kwa bega. Mume wangu alisimama kila mara kutazama walivyoimarisha keria zao kwa nondo.

Ninachotaka kuandika hasa ni kuhusu hema.

Rwanda huwezi kupiga hema popote. Karibu kila kipande cha kilima kina mwenyewe na kimelimwa hadi ukingoni. Lazima ubishe hodi. Jioni ya pili, karibu na Kinunu, tulisimama kwenye nyumba moja yenye mibuni. Mzee alitoka. Kihangaza changu, lugha ya kwetu Ngara, na Kinyarwanda chake ni ndugu, tulielewana bila shida. Nikamweleza: mimi na mume wangu tunaomba mahali pa kulala usiku mmoja, tuna hema letu. Akamtuma mjukuu kwa mkuu wa mudugudu, yaani kijiji, kutoa taarifa kwamba kuna wageni. Kisha akauliza swali moja tu, kuhusu inkwi. Kuni mtatoa wapi?

Nilishindwa kujibu. Mume wangu akadhani sijaelewa.

Mwisho wa Aprili 1994 nilikuwa na miaka saba. Kwa siku moja na usiku wake, watu kama robo milioni waliokimbia Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari, walivuka daraja la Rusumo la mpakani kuingia wilayani kwetu. Nakumbuka maturubai ya buluu vilima hata vilima, na moshi. Nakumbuka mama akimpa mwanamke asiyemjua maharage kwenye kanga. Na namkumbuka baba, jioni, amesimama barazani, akiwauliza waliokuwa wakipita: kuni mtatoa wapi? Hakuwa akiwafukuza. Alikuwa akihesabu mikaratusi yake. Miezi michache baadaye haukubaki mti hata mmoja.

Nilipokua nikajua kwamba miongoni mwa waliovuka walikuwamo wenye damu mikononi, pamoja na kina mama na watoto wasio na hatia. Mama hakuuliza nani ni nani. Sijui kama angeweza kuuliza.

Sasa nilikuwa mimi ninayeomba mahali, na daraja lile lile nilikuwa nimelivuka kwa kusukuma baiskeli nikielekea upande wa pili. Sikumweleza mzee lolote la Ngara. Nikafungua begi, nikamwonyesha jiko letu la spiriti, dogo la kutosha kiganjani. Akacheka, akamwita mkewe aje alione. Baada ya saa moja mkewe akarudi na sufuria ya maharage yaliyoiva na ndizi.

Nyumba nne zilitupokea safari nzima, na parokia mbili. Karongi tulikaa usiku mbili. Tulikwenda kwenye kanisa la mawe lililo juu ya rasi, ambamo maelfu ya watu waliojificha waliuawa mwaka ule wa 1994. Bado watu husali humo. Tulikaa benchi la nyuma, mume wangu akanishika mkono, hatukusema kitu mpaka tulipotoka.

Jioni tulikula sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga. Mume wangu akaonja, akasema hawa ni dagaa. Ni kweli: samaki hawa waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Usiku mitumbwi ilitoka, mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinawaka, wavuvi wakiimba kwa kupokezana kufuata makasia. Tuliacha mlango wa hema wazi ili tusikie, ingawa kulikuwa na baridi.

Juzi tulipofika hapa baba alikuwa barazani pale pale. Akatutazama, akatazama mizigo.

“Mlilala wapi siku zote hizo?”

“Kwa watu, baba.”

Akanyamaza kidogo. “Na kuni?”

Nikampa jiko. Akaligeuzageuza, akaniuliza linakula spiriti kiasi gani kwa chungu kimoja cha maharage. Nikamwambia kwa maharage halifai. Maharage tulipikiwa.