Mikimbio 628 ya Kapteni Collins

Vijana wa mtaani kwetu wakicheza kriketi, mwandishi wa alama huwa ni mimi, penseli mkononi, ufutio mfukoni. Kwa hiyo nilipoiona hesabu ya Arthur Collins, mikimbio (yaani alama za kriketi) 628 za mchezaji mmoja, nilianza kwa kuijumlisha upya. Pigo la mikimbio sita 1, ya mikimbio mitano 4, ya minne 31, ya mitatu 33, ya miwili 146, ya mmoja 87. Jumla 628. Nikarudia. 628.

Alikuwa na miaka 13! Ilikuwa Juni 1899, shule ya Clifton College mjini Bristol, tena mechi ya mabweni tu. Alipiga kwa saa 6 na dakika 50, alasiri baada ya alasiri. Wenzake walitolewa mmoja mmoja, yeye yupo palepale. Wa mwisho kuingia, Redfern, alisimama naye mpaka wakaongeza 183. Kisha Collins huyohuyo akarusha mpira akawatoa wapinzani 11. Inasemekana mwandishi wa alama baadaye alikiri kwamba huenda alikosea ishirini hivi, zaidi au pungufu. Simlaumu hata kidogo. Mapigo 302 ya mtu mmoja! Mstari wa mchezaji katika daftari langu haungeyabeba hata robo yake.

Lakini linalonikaa moyoni ni jingine. Mtoto huyu, mzaliwa wa Hazaribagh, India, alikuwa yatima wa baba na mama. Mara kwa mara najiuliza: jioni ile alipotoka uwanjani, alikwenda kumsimulia nani?

Hakuwahi kucheza kriketi ya daraja la kwanza. Alichagua jeshi, kikosi cha wahandisi, Royal Engineers, akawa anacheza akipata nafasi. Mwaka 1913 aliwachezea wahandisi hao kwenye uwanja wa Lord's, akapata mikimbio 58 na 36 katika zamu zake mbili. Mwaka 1914 akaoa. Tarehe 11 Novemba mwaka huohuo, akiwa Kapteni, aliuawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia karibu na Ypres, Ubelgiji, akiwaita askari kwa ishara waje kulinda ubavu wa handaki lake. Miaka 29. Mwili haukupatikana; jina limechongwa kwenye lango la kumbukumbu la Menin Gate. Mdogo wake Herbert naye aliuawa vitani, 1917.

Januari 2016, kijana wa Kihindi wa miaka 15, Pranav Dhanawade, alipiga 1,009 bila kutolewa, akaipita 628 ya Collins. Vijana wangu walishangilia, nami pia. Jioni nikafungua ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, nikaandika juu kabisa: Collins, hakutolewa, 628.